Gari la Mkuu wa Sheria

Kikao cha kwanza cha Kamati ya Kupunguza Magari Chuoni kilivunjika kwa sababu wajumbe walikosa mahali pa kuegesha magari yao. Cheka ukitaka. Mama Pacha, mratibu wa usafiri aliyekiitisha, hakuwa na hata chembe ya kicheko. Alisimama dirishani, ghorofa ya pili ya jengo la utawala, akawatazama wasomi wake wakilizunguka jengo kama kuku anayetafuta pa kutagia, kila mmoja peke yake garini, vioo vimefungwa, uso umekunjwa. Mmoja alipiga simu kuomba radhi. Mwingine alipunga mkono kutoka chini kana kwamba anaaga, akaondoka zake.

Waliofika ni yeye mwenyewe, aliyekuja kwa basi, Naibu Mkuu wa Chuo, mwenye dereva wa kumzungukia, na Waziri. Huyu Waziri hakuwa wa serikali ya nchi. Alikuwa msichana wa mwaka wa tatu, waziri wa usafiri katika serikali ya wanafunzi, na chombo pekee cha wizara yake kilikuwa baiskeli isiyo na kengele. Akitaka kupishwa, hupiga mluzi.

"Basi tuahirishe," Naibu akasema, akarudisha kalamu mfukoni.

"Hatuahirishi, Profesa. Njoo dirishani kwanza."

Naibu akaja. Chini yao ilinyooka barabara kuu ya chuo, kutoka lango kubwa hadi maktaba na zahanati. Upande mmoja ulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, wenye kina cha kummeza mtu mzima mpaka kiunoni. Upande wa pili ulikuwa na safu ya maegesho ya wakubwa, kila nafasi na kibao chake cha cheo. Katikati magari yalipishana kwa honi na matusi ya kimoyomoyo. Wanafunzi nao walitembea kwenye ukingo wa mtaro, mmoja nyuma ya mwingine, mabegi wameyakumbatia kifuani ili yasigongwe na vioo vya magari. Waziri akapandisha mkono wa shati, akaonyesha kovu kwenye kiwiko. Mtaro ule alikuwa ameshaufahamu kwa ndani.

"Nimebandika mabango," Mama Pacha akasema. "Nimeitisha semina, watu wakala vitafunio vyangu wakaondoka na magari yao. Nimechoka kubembeleza, Profesa. Nipe barabara hii wiki moja, bila gari. Wenye magari wayaache kwenye uwanja wa nje ya lango, au waje kwa basi, kwa baiskeli, kwa miguu, wanavyopenda. Kisha tuone kama chuo kitaanguka."

Naibu alitazama chini. Dereva wake alikuwa bado anazunguka.

"Wiki moja," akasema hatimaye. "Jumatatu mpaka Ijumaa. Ijumaa Seneti ikae, iamue kama iwe hivyo daima au tusahau kabisa habari hii. Lango la nyuma ni la gari la wagonjwa mahututi tu. Lakini sikiliza, Mama Pacha. Hawa wakubwa nawajua. Ukimfungulia mmoja, hata awe mimi, kesho yake watakuja wote, na jaribio litakuwa limekwisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alielewa, ndiyo. Kilichomsumbua njia nzima ya kurudi nyumbani ni kwamba kibao cha kwanza kwenye safu ile ya wakubwa, kile kilicho karibu kabisa na ngazi za jengo la utawala, kilikuwa cha mumewe.

Baba Pacha alikuwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria. Ukuu ule aliusubiri mpaka mvi zikamwota, akiwaona wenzake wa nyuma wakimpita, akimeza mate na kunyamaza. Ulipomfikia mwanzoni mwa mwaka, hakufurahia ofisi wala kiti kikubwa kama alivyofurahia kile kibao cha bati. Alikipiga picha akawatumia pacha wao, ambao ni watu wazima wanaoishi mbali. Siku ya pili alimpakia mama yake garini, akampeleka kukiona. Tangu hapo Mama Pacha aliacha kupanda gari la mumewe kwenda kazini. Utawahubiriaje watu habari za mabasi huku unashushiwa mlangoni?

Alimweleza mezani, wakati wa chakula, mama mkwe akiwepo. Hakuzunguka mbuyu.

"Yaani," Baba Pacha akasema, akaweka kijiko chini taratibu, "katika barabara zote za dunia hii, mke wangu ameona aanze na nafasi yangu."

"Nimeanza na barabara, Baba Pacha. Nafasi yako imo humo."

"Nimeisubiri miaka mingapi?"

"Mingi. Nilikuwepo."

Mama mkwe aliendelea kula. Goti lake lilikuwa bovu siku nyingi, lakini meno na masikio yalikuwa salama, na hakuna kilichompita. "Mchuzi umekolea leo," akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maoni yake.

Jumapili jioni Baba Pacha alitoka na gari, akarudi baadaye kwa lifti ya jirani, anapiga mluzi. Mama Pacha alikuwa sebuleni akipaka rangi mbao za matangazo, mikono yote imechafuka. Alijua mumewe anapopiga mluzi kuna jambo amelipika, ila hakuwa na nafasi ya kufunua chungu aone ni nini.

Alikiona chungu chenyewe Jumatatu asubuhi. Mapipa yamepangwa, kamba zimefungwa, barabara tupu kutoka langoni hadi maktaba, na pale karibu na ngazi, chini ya kibao chake, gari la Mkuu wa Kitivo cha Sheria limetulia tuli kama lililozaliwa hapo.

Mwenyewe alifika saa mbili, tai imenyooka, anatabasamu. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kukusanyika.

"Baba Pacha, hili gari limefikaje hapa?"

"Limefika jana, mke wangu. Tangazo lako linasema kuanzia Jumatatu asubuhi magari hayataingia barabara hii. Langu halikuingia Jumatatu. Jumatatu imelikuta ndani."

Vijana wa sheria wakapiga makofi. Baba Pacha akawainamia kidogo, kama wakili aliyeshinda kesi.

"Tangazo ulilisoma lote?" Mama Pacha akauliza.

"Nilisoma panaponihusu."

Mama Pacha akamshika mkono kwa upole, akampeleka hadi kwenye ubao uliokuwa kando ya pipa la kwanza. Kidole chake kilikuwa bado na rangi. Aliufuata mstari wa chini neno kwa neno ili na wa nyuma wasikie: "Wala gari lililomo halitatoka, mpaka Seneti itakapoamua siku ya Ijumaa."

Kicheko kilichozuka kiliwafikia walioko maktaba. Waziri alicheka mpaka akajishika kwenye baiskeli yake asianguke. Profesa mzima wa sheria, anayewapa wanafunzi sifuri kwa kutosoma kifungu hadi mwisho! Baba Pacha aliutazama ubao, akalitazama gari, akashusha sauti.

"Mama Pacha. Yatosha. Jioni utanifungulia."

"Sitakufungulia."

"Mimi ni mumeo."

"Ndiyo maana hasa," akasema, ingawa hakupenda kumwona akichekwa. Alimpenda mtu huyu. Alijua kibao kile kilikuwa dawa ya madonda mengi. Lakini alikwishapiga moyo konde, na kamba hakuigusa.

Jioni ile walirudi kwa basi moja, viti mbalimbali.

Usidhani basi kwamba njia ilijaa watu wakiimba. Jumatatu asubuhi ilikuwa aibu tupu. Barabara nzima ilikuwa wazi, pana, haina hata pikipiki, lakini wanafunzi waliendelea kutembea kwenye ukingo wa mtaro, mmoja nyuma ya mwingine, mabegi kifuani, kama walivyozoea! Mama Pacha alisimama akawatazama, moyo ukamwishia. Wakubwa wawili watatu walikuwa ghorofani wakipiga picha za ile barabara tupu, na alijua picha zile zitaonyeshwa wapi Ijumaa.

"Wamezoea kubanwa," akamwambia Waziri. "Hata nafasi wakipewa hawaioni."

"Shangazi, niachie mimi," Waziri akasema. Hakuwa shangazi yake kwa damu, lakini kazi ilikuwa imeshawaunganisha. Akaishusha baiskeli katikati kabisa ya barabara, akaanza kuisukuma polepole, akiongea kwa sauti na rafiki zake. Wakamfuata wawili, wakatembea sambamba ili wamsikie. Nyuma yao wakaja wengine. Mchana ukingo ulikuwa umepungua watu, na Jumanne ukabaki na wale wenye haya tu. Jumatano hata wao waliondoka, na mhadhiri mmoja wa hesabu akaonekana juu ya baiskeli ya mwanawe, suruali ameifunga kamba kwenye vifundo, magoti yakikaribia kidevu. Makarani waliokuwa wakija kila mtu na gari lake walianza kupanda basi pamoja, wakagundua kuwa kumbe wanakaa mtaa mmoja.

Gari la Mkuu nalo lilipata kazi. Chuo hakikuwa na mahali pa kuegemeza baiskeli, kwa hiyo baiskeli ziliegemezwa kwenye gari, upande huu na upande ule, mpaka milango ikawa haionekani. Baba Pacha alipita asubuhi na jioni bila kugeuza shingo. Akiulizwa gari liko wapi, hujibu, "Liko kizuizini."

Jumatano jioni akaitoa karata yake. Walikuwa watatu sebuleni, na mama mkwe alikuwa akijikanda goti kwa mafuta.

"Kesho mama ana miadi ya daktari," Baba Pacha akasema. "Zahanati ya chuo. Kila mara nampeleka mpaka mlangoni. Sasa niambie, Mama Pacha, nimbebe mgongoni?"

Katika mipango yake yote, hili Mama Pacha hakuliona.

"Nitaita teksi mpaka langoni."

"Na kutoka langoni? Teksi inapita mapipa yako? Fungua kesho asubuhi, mara moja tu, nitoe gari, nimlete mama, basi. Hakuna atakayekulaumu kwa ajili ya mama yangu."

Hapo ndipo penyewe palipomuuma, maana ilikuwa kweli. Hakuna ambaye angemlaumu usoni. Ila Mkuu wa Uhandisi angesema kisigino chake nacho kinauma, Mkuu wa Tiba angesema ana mgeni, na kufikia saa nne asubuhi wanafunzi wangekuwa wamerudi ukingoni mwa mtaro. Akamtazama mama mkwe, mwanamke aliyemlelea pacha wake, na machozi yakamlenga.

"Mama, nisamehe," akasema. "Sijui nifanye nini."

"Kwanza mnyamaze," mama mkwe akasema, akafunika chupa ya mafuta. "Mnanibishania kama gunia, kila mtu anavutia kwake. Kuna mtu ameniuliza mimi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Baba Pacha akainamisha kichwa.

"Basi linapita hapo nje na linasimama pale langoni. Nitapanda. Nikichoka, nitakaa. Na wewe," akamwelekezea mwanawe kidole chenye mafuta, "utanisindikiza, uache hiyo tai."

Alhamisi asubuhi Mama Pacha aliwangoja langoni. Mama mkwe alishuka basini kwa kushikwa huku na huku, akasimama, akajinyoosha juu ya fimbo yake, akaitazama barabara ndefu iliyojaa watu wakitembea. Akaanza kwenda.

Alikwenda katikati. Alikwenda kwa mwendo wake, hatua na pumziko, hatua na pumziko, na watu wakampita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe, wakisema, "Shikamoo, bibi," naye akiitikia kila mmoja, "Marahaba, mwanangu," bila kuchoka. Waziri alipiga mluzi wake kwa mbali, akashuka kwenye baiskeli, akapita kwa miguu. Baba Pacha alikuwa na mwavuli mkononi na mkono mwingine ameunyoosha nyuma ya mgongo wa mama yake, tayari kumvuta kando. Hapakuwa na cha kumvutia kando. Baada ya muda mkono ule ukachoka, akaushusha.

Walipofika karibu na ngazi, mama mkwe alitweta. "Hapa nikae."

Pa kukaa hapakuwepo, ila gari. Waziri na wenzake wakaziondoa baiskeli mbio mbio, Baba Pacha akafungua mlango, na mama yake akaketi kwenye kiti cha mbele, miguu nje, imekanyaga lami. Juu ya kichwa chake kilikuwa kile kibao.

"Gari lako leo limenifaa sana," akasema. "Kumbe likisimama ni zuri."

Baba Pacha alicheka bila kupenda.

"Mama, unakikumbuka kibao? Nilikuleta kukiona."

"Nakikumbuka. Nilifurahi, usiku nililia kwa furaha, hukujua. Lakini nilikiona kupitia dirisha la gari, mwanangu. Kila mara unanitoa mlango wa nyumbani, unaniingiza mlango wa daktari. Miguu yangu haikuwahi kukanyaga chuo chako hata siku moja." Akaitazama miguu yake juu ya lami, akaisogeza kidogo, mmoja kisha mwingine. "Leo imekanyaga."

Mama Pacha, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari, alijifanya anakaza kamba ya pipa. Baba Pacha hakujifanya kitu. Alisimama na mwavuli wake uliofungwa, akiwatazama wanafunzi wakipita sambamba, watatu, wanne, mabegi mgongoni, na alikaa hivyo mpaka mama yake alipomgusa kwa fimbo, kwamba daktari hangojei.

Nyumbani jioni ile hakupiga mluzi, na Mama Pacha hakumuuliza atapiga kura gani. Aliogopa jibu.

Ijumaa ukumbi wa Seneti ulijaa. Mama Pacha alieleza aliyoyaona, kwa ufupi, akarudi kwenye kiti chake cha nyuma, maana yeye hakuwa na kura. Kisha Mkuu wa Uhandisi akasimama na picha zake za Jumatatu, barabara tupu kama uwanja wa ndege usio na ndege.

"Huu ni mchezo wa vijana," akasema. "Sisi ni watu wazima. Tuna mafaili, tuna visigino. Na cheo ni cheo, ndugu zangu. Mtu akishapanda, aheshimiwe." Wengi wakaguna kukubali. Mama Pacha alijishika magoti.

Baba Pacha akaomba nafasi. Hakuwa na tai.

"Katika ukumbi huu," akasema, "hakuna aliyeumizwa na jaribio hili kuliko mimi. Gari langu limefungiwa wiki nzima, limegeuzwa kiegemeo cha baiskeli. Nimechekwa na wanafunzi wangu, na walikuwa na haki. Kwa hiyo msidhani nasema kwa kupenda raha."

"Umeshurutishwa na mkeo!" Mkuu wa Uhandisi akarusha, na ukumbi ukacheka.

"Jumatatu alinishurutisha, kweli. Jana hakunishurutisha mtu. Jana mama yangu alitembea katika chuo hiki. Ana goti bovu, na alitembea katikati ya barabara, na mimi nilikuwa nyuma yake nimejiandaa kumwokoa, nikakosa hatari ya kumwokoa nayo. Hizo picha ni za Jumatatu, Profesa. Chungulia dirishani sasa hivi. Mimi nafasi yangu naiachia. Niliipenda, sitawadanganya. Naiachia."

Watu wakageuka dirishani kweli. Wengine walikaa hapo kitambo. Naibu alipoitisha mikono, ya kukubali ilizidi ya kukataa, si kwa mbali, lakini ilizidi, na mkono wa Mkuu wa Uhandisi ulibaki mezani, haukwenda juu upande wowote.

Nje, jua likielekea kushuka, Mama Pacha alimkuta mumewe ameshaketi kwenye usukani, ufunguo mkononi.

"Haya, Mama Pacha. Seneti imeamua. Fungua kamba niwashe."

Akaitazama njia. Ilikuwa imejaa watu wanaotoka madarasani. Akamtazama mumewe, ambaye saa moja iliyopita angemkumbatia mbele ya maprofesa wote kama asingeona haya.

"Kamba nafungua," akasema. "Kuwasha hapana. Seneti imesema humu gari haliendi, tena leo leo. Teremka tusukume."

Baba Pacha aliangua kicheko, akateremka. Mama Pacha akashika usukani, Waziri akapiga mluzi, na gari la Mkuu wa Sheria likasukumwa na mwenyewe na nusu ya darasa lake la mwaka wa kwanza mpaka nje ya lango, yeye akitweta kuliko wote na akiwaambia wasome vifungu hadi mwisho.

Pale lilipokuwa gari pakawekwa benchi la mbao lenye mgongo. Kibao Baba Pacha hakutaka king'olewe, na Mama Pacha hakubishana naye. Mama mkwe sasa huenda kwa daktari kwa basi, na kila akifika karibu na ngazi huketi hapo, fimbo mapajani, chini ya yale maandishi meusi. Siku moja mwanafunzi mgeni, mabegi mawili mikononi, alisimama mbele yake akasoma juu, akamtazama chini, akaona haya.

"Shikamoo. Samahani, bibi, wewe ndiye Mkuu wa Kitivo?"

"Marahaba. Mimi ni mama yake," akasema, akasogea. "Kaa, mwanangu, nafasi ipo."